Kikombe cha Nani?

Na kuhusu ule mkate, Mama, kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma, na kama una sufuria motoni, iepue.

Shikamoo, mama yangu mpenzi. Nisamehe, furaha imenifanya niruke salamu. Mgongo unaendeleaje? Na Baba, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, tena wazima wa kuringa. Fundi wangu, mkweo, anakusalimu sana. Amerudi kutoka kazini sasa hivi na rangi ya kijani kwenye nyusi, nami namtazama nikijiuliza mtu anawezaje kupendeza kiasi hiki akiwa na nyusi za kijani.

Barua yako ilinifika Jumatatu. Niliumia kusoma kwamba wewe na Mama Mdogo hamsemezani tangu arusi yangu, kisa kile kikombe cha bati cha marehemu Bibi kilichotoweka dirishani jikoni. Unasema mwizi ni yeye tu, maana alikishika mbele ya watu akatamka kwamba iko siku ataondoka nacho. Hilo nitalirudia, Mama. Nivumilie kidogo.

Kwanza mkate. Miaka sita tangu Bibi atutoke, mkate wake wa maziwa na iliki haujakubali mikononi mwako. Maelezo uliyaandika kwa mkono wako, yeye akiwa kitandani anakutajia, kwa sababu alipokuwa na nguvu alitufukuza sote jikoni kila alipokanda. Vikombe vitano vya unga, mayai matatu, chupa ndogo moja ya maziwa, kijiko cha hamira. Ulifuata kila neno, na ulipoona unga umekauka hukuthubutu kuongeza hata tone, usije ukamsahihisha marehemu. Baba akasema mkate wa mwisho tuuweke mlangoni siku ya upepo. Mama Mdogo yeye hakutania, alisema una mkono mzito. Nakumbuka ulivyofunga daftari siku ile, ukasema mkate umezikwa na mwenyewe. Hukupika tena.

Mimi niliyanakili maelezo yale kabla ya kuolewa, na wiki ya pili tu nikajitosa. Mama, tofali! Nililia nikalowesha aproni. Fundi alipoingia, aliugonga mezani, akauliza kama aniletee msumeno. Kisha akakaa, akachovya vipande viwili kwenye chai, akavimaliza, akasema unaimarisha meno. Sasa niambie, mtu kama huyu nisimpende vipi?

Nilijaribu tena, tofali la pili. Ndipo akalichukua daftari langu, akalisoma huku amekunja uso kama anapima ukuta, akauliza jambo moja tu: kikombe cha nani? Nikamjibu kikombe ni kikombe, kuna cha nani tena. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akanieleza kwamba kazini kwao rangi huchanganywa kwa kopo, na fundi hawezi kubadili kopo katikati ya nyumba. Yeye aliwahi kubadili, na sebule ya watu ikatoka na ukuta mmoja wa maziwa na mwingine wa chai, mwenye nyumba akamuuliza kama alisinzia katikati ya kazi. Akasema mayai matatu ni matatu popote, chupa ya maziwa ni ileile, kwa hiyo kinachotudanganya ni kikombe. Bibi yako, akaniuliza, alikuwa akichota unga kwa chombo gani?

Nikaenda kufungua sanduku langu, Mama. Nilikuwa najua.

Jumamosi asubuhi nikapima kwa kikombe kingine, kidogo kuliko vile vyenu vya chai. Unga ulilainika kama sikio la mtoto. Uliumuka mpaka ukasukuma kitambaa. Mkate ulipofika katikati ya kuiva, harufu ikaja, nami nikageuka kutazama mlango, nikidhani Bibi anaingia kutufukuza. Jirani alibisha hodi kuuliza tuna sherehe gani. Na mama mkwe, ambaye tangu nifike hajaacha kusema mabinti wa siku hizi wanajua kuchemsha maji tu, alikula vipande vitatu bila neno, cha nne akakifunga kwenye karatasi, halafu akaniomba nimwandikie. Mimi! Kitindamimba wako niliyekuwa naunguza hata mayai!

Kwa hiyo mkono wako hauna kasoro, Mama, na haujawahi kuwa nayo. Ulipima maneno ya Bibi kwa kikombe kisicho chake, basi.

Na chake ninacho mimi. Mama Mdogo hajakigusa. Asubuhi ya arusi nilimwaga vile vipande vya sabuni mlivyokuwa mkiweka ndani, nikakiosha, nikakifunga ndani ya gauni langu la kulalia. Ndicho nilichomwona akichotea unga siku nilipochungulia mlangoni, na ndicho alichoninyweshea uji nilipougua surua, na niliona siwezi kwenda kuanza maisha bila kitu chake hata kimoja. Niliogopa kuomba nikanyimwa. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, nami leo nina siku thelathini na nane za ndoa, nimeona nijitaje mwenyewe kabla hazijatimia. Nisamehe. Na tafadhali, barua hii ukiikunja tu, vaa viatu uende kwa mdogo wako umwombe radhi. Naye akuombe radhi kwa ule mkono mzito.

Fundi amechukua makopo mawili mapya (hayajawahi kuonja rangi, naapa), akamimina humo unga kwa kikombe cha Bibi, akapiga mstari mwekundu pale ulipofika. Kopo moja lako, jingine la Mama Mdogo. Maelezo nimeyaandika upya mara tatu, na penye neno kikombe nimeongeza: cha Bibi, mpaka mstarini, usawazishe kwa kisu. Hata wajukuu zako hawatapotea, na usianze kuniuliza watakuja lini.

Msalimie Baba, mwambie mlango wake atautafutia jiwe. Tunakuja, mimi na Fundi, Jumamosi ya mwisho, kabla mwezi huu haujaisha. Kikombe kitarudi dirishani, ila sabuni itafute kwingine. Mkate nitaukanda hapohapo jikoni kwako, na sitaukata mpaka niwaone wewe na Mama Mdogo mmekaa benchi moja.

Ni mimi mwizi wako akupendaye,
Mke wa Fundi