Karani wa Chuo na Programu ya Bure

Jumatano, 1 Oktoba

Nguo za kupiga pasi zimebaki nusu. Zitangoja. Alasiri yote nilisimama nyuma ya mwanangu Rukia nikitazama kompyuta ya chuo cha Qurani. Programu ya kuandikia imejifunga, inataka ilipiwe ya mwaka mzima. Chuo chenyewe mikeka imetoboka. Bwana Athmani wa kamati alitaka waiweke ya kunakili, ile ya wizi. Mwanangu akakataa mbele ya waalimu wote. Akawauliza, tuwasomeshe watoto Qurani kwa kitu cha kuiba?  Bwana Athmani akasema, "Haya, katafute hicho cha bure." Hilo bure akalitema kama kokwa ya ndimu.

Nimeudhika mpaka sasa. Najua linalomuuma. Siku ya kuwapa wasichana vyeti vya kuhitimu kamati itamtaja karani mpya, na yeye anamtaka mpwa wake aliyesomea Mombasa. Rukia amesomesha wasichana pale miaka minne kwa ahsante. Ukarani ni wake. Asubuhi anafanya kazi ya ofisi kule Ras Kitau, kwenye hoteli, na wazungu wenyewe wanamwita kila kompyuta ikikwama. Wa kwangu huyo. Nimemzaa mimi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Amejaribu programu tatu, zote za bure. Ya kwanza ni ya mtandaoni. Nzuri, lakini stima ikikatika mtaani kwetu Langoni na mtandao nao huenda. Ya pili imejaa matangazo, na herufi za Kiarabu zimesimama mbalimbali kama wake wenza. Ya tatu inakaa ndani ya kompyuta yenyewe, haiombi bando, na inaandika kutoka kulia kama inavyotakiwa. Irabu zote mahali pake.

Hapo aliniita mimi. Darasani niliishia la sita, sifichi. Lakini chuoni nimehitimu mara mbili, na marehemu babangu alikuwa akinisimamisha nisome mbele ya wageni. Nimekagua irabu moja moja. Hakuna hata moja iliyokosa.

Ile ya mtandaoni hakuitupa. Ameiwekea orodha ya mahudhurio, kila mwalimu aandike akiwa kwake na wote waone. Nani mwengine katika mji huu angelifikiria hilo? Bwana Athmani hata mahudhurio alisahau kuandika, akasema karatasi inamtosha.

Jumapili, 5 Oktoba

Vyeti tayari. Arobaini. Aya juu, jina la msichana katikati, ua la kijani pembeni. Nimelia kidogo.

Nikamwambia Rukia anitumie kwenye simu, nitazame tu. Hakutaka. Nikamsumbua mpaka akatuma. Simu ikakataa kufungua. Basi nikaona mahali mtandaoni pameandikwa geuza faili lako bure. Nikaligeuza mwenyewe! Likafunguka. Miwani sikuwa nayo lakini ua nililiona na majina niliyaona. Nimemtumia dadangu anayekaa Mkokoni, na Bi Salma wa nyumba ya pili, na wale wa kikundi cha harusi ya mwaka jana. Dadangu ameniandikia mashaallah saba. Nimezihesabu.

Jumanne, 7 Oktoba

Fadhili wa duka la kuprinti alinipigia. Rukia hapatikani, yuko kazini Ras Kitau, na mchana stima itakatwa. Anataka faili la vyeti sasa hivi au mpaka wiki ijayo. Nikamtumia kutoka simu yangu. Dakika moja. Bila mimi chuo kizima kingekwama, na hakuna wa kunishukuru. Rukia jioni alikuwa amechoka, sikumsimulia hata.

Alhamisi, 9 Oktoba

 Vyeti vimeharibika vyote.

Herufi za aya zimeachana, kila moja imesimama peke yake, na zimepangwa kinyume, kutoka kushoto. Bismillahi haisomeki. Bwana Athmani akainua cheti kimoja mbele ya waalimu na wanafunzi, akasema, "Tazameni. Cha bure hiki." Kisha akamuuliza mwanangu kama haoni haya, neno la Mungu limetoka hivi mkononi mwake.  Rukia alikusanya karatasi zote arobaini, akazifunga kwenye kanga yake, akaja nazo nyumbani. Sijapata kumuona vile.

Mimi sikukaa. Nimevaa buibui nikaenda mpaka barazani kwa Bwana Athmani, wanaume wamekaa wanakunywa kahawa. Nikamwambia yeye ndiye. Kwamba alipita dukani kwa Fadhili na mpwa wake, wakaingiza mikono yao. Kwamba amelichezea neno la Mungu apate kazi ya mpwa. Akasema, "Bi Mwanaheri, ogopa Mungu." Nikamwambia yeye amuogope kwanza. Mzee mmoja akaniambia nenda zako nyumbani, mama. Nikaenda, lakini nilimaliza kwanza.

Sherehe imesogezwa wiki moja. Wanasema ukarani utajadiliwa upya. Kujadiliwa nini?

Ijumaa, 10 Oktoba

Mke wa Bwana Athmani amenipa salamu tulipopishana ndiani. Nimeitikia salamu kwa kuwa ni wajibu. Uso sikumpa.

Baada ya alasiri Rukia alirudi kutoka kwa Fadhili. Alikwenda na kompyuta, akaprinti cheti kimoja kutoka faili lake mwenyewe. Kizuri. Kama nilivyokikagua. Nikapiga kofi, nikasema si nilikwambia, wameliharibu wao! Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mama, faili la Fadhili lilitoka kwako."

Akanitaka simu. Akanionyesha, akalikuza kwa vidole, na mara hii miwani nilikuwa nayo. Lile nililoligeuza mwenyewe. Limevunjika vile vile. Tangu Jumapili limevunjika na mimi nimelitembeza nti nzima, mpaka Mkokoni, nikijisifu.

Nina hasira na ile tovuti ya kugeuza. Nina hasira na Fadhili, ana macho ya nini? Nina hasira na Rukia kwa kutonipigia kelele. Angenipigia ningejua la kujibu. Na dadangu na mashaallah zake saba, hakusoma hata herufi moja.

Basi. Ni mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Rukia alisema niache, atawaambia kamati ni kosa la dukani. Nikakataa. Fadhili ana watoto.

Nimetukana barazani, kwa hivyo barazani ndiko nilikokwenda. Kahawa ile ile, wanaume wale wale. Nimesema yote. Faili, simu, Mkokoni. Nimesema Rukia hana kosa na programu yake haina kosa, na kile cheti kizuri nikakitoa wakakipitisha mkono kwa mkono. Nikamwambia Bwana Athmani nimemdhulumu, anisamehe.

Alikisoma kile cheti kwa sauti mpaka mwisho wa aya. Alitafuta kosa, nilimuona akitafuta. Akasema, "Nimekusamehe. Karani tunaye. Lakini huyu mama wa karani tumfanye nini?" Wakacheka wote. Nilitamani kumrudishia, ulimi ukanijaa mdomoni. Nikaumeza.

Kamati imekubali jioni. Rukia ndiye karani, programu yake inabaki, na faili lolote la chuo litoke mkononi mwake tu. Hilo la mwisho wameliandika. Mpwa wa Bwana Athmani atasimamia orodha ya mahudhurio. Sina neno.

Jumapili, 12 Oktoba

Karatasi zenye aya hazitupwi. Baada ya alfajiri tumezichoma uani, mimi na Rukia, kwenye chungu ambacho hakijapikiwa. Moja moja. Alisoma jina la kila msichana kabla ya kuitia karatasi motoni. Upepo haukuwapo.

Majivu nimeyazika penye kona ya ukuta, pasipokanyagwa na mtu.

Rukia ameosha chungu. Akauliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akaenda kuibandika.