Directeur juu ya Ciment

Siku ya kazi mbili, tarehe 7 mwezi wa 10

Asubuhi nilimupa Directeur bukari yake, ugali kidogo. Kama kila siku: kijipande ku kidole, mukono juu ya maji, yeye anaruka, anakamata. Samaki nyekundu ya kuruka vile, hapa Lubumbashi iko moja tu. Yangu. Miye njo nilimufundisha. Ku four, tanuri ya kuyeyusha shaba, badirecteur balinitumikisha maisha yote. Sasa Directeur anarukia miye.

Véro, mutoto yetu, alituachia hii akwariumu wakati alihamia Kolwezi. Kila mara ku telefone: Papa, weka kifuniko. Kifuniko ya nini? Directeur ananijua. Atakimbilia wapi?

Mangaribi jirani Papa Kabeya atakuya na bageni bake kuona.

Kazi tatu, tarehe 8

Mubaya. Mubaya sana.

Jana nilimurushisha mbele ya bageni mpaka balichoka kupiga makofi. Kisha nikabasindikiza mpaka ku barabara, nikasimama pale nikisifiwa. Kurudi, Directeur iko chini. Asubuhi Mama Véro, muke yangu, alikuwa amepaka ciment ya chini cirage nyekundu. Samaki nyekundu, ciment nyekundu, karibu nimukanyage.

Alikuwa anafungua kinywa tu. Cirage na vumbi ku mwili yote. Nilimupangusa na kitambaa, na nguvu, mpaka akangaa. Miye muntu ya usafi. Nikamurudisha mu maji.

Leo analala ubavu.

Kazi ine, tarehe 9

Nilipigia Véro telefone. Alisema: "Papa, ulimupangusa? Ule utelezi njo unamulinda. Ulimuchubua." Nikamuambia alinikuta hapa duniani. Nikakata.

Kisha nikaangalia kitambaa. Magamba iko pale, inangaa.

Nilimupigia tena. Alisema chumvi kidogo, maji ya kulala mu bidon, hapana ya robinet, ya bomba, ya leo leo, na nguo juu ya kioo apate giza. Nilifanya yote. Aksanti sikusema.

Directeur hakuli.

Siku ya Posho, tarehe 11

Courant, umeme, hakuna tangu jana. Kamashine ka kupuliza hewa kalizima. Directeur amepanda juu ya maji, kinywa inje, anatafuta hewa. Nilileta pompe ya kinga, ya baiskeli, ile ya kujaza mipira, nikaingiza kamupira mu maji. Nikapompa. Ku four tulikuwa tunalisha upepo ku moto mukubwa kuliko hii nyumba. Samaki moja atanishinda?

Atanishinda. Mabega inauma. Naketi, napompa, naketi.

Mama Véro alisimama ku mulango. "Baba Véro, unalilia kitoweo. Tungekuwa tulishamukaanga na tomati." Nikaendelea kupompa. Akaniangalia muda murefu. Kisha akakamata pompe ku mukono yangu, akapompa yeye.

Atakufa. Najua. Batoto balienda bote. Barafiki ya kazi beko ku makaburi. Uyu tu njo alikuwa anakuya kama naleta mukono.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Hakufa.

Courant ilirudi. Directeur alisimama wima mu maji. Ubavu moja nyeupe, kama ukuta ya kubanduka rangi.

Papa Kabeya alipitia kisha misa, na suti yake ya bleu. "Mukubwa, murushishe basi, nifurahi." Nikamuambia Directeur iko mu congé, anapumzika. Akacheka mpaka akashika tumbo. Miye hapana.

Alipoenda niliingiza mukono mu maji, polepole, na bukari ku kidole. Directeur alikimbia nyuma ya jiwe. Nilingoja. Mukono ikapoa. Bukari ikayeyuka. Hakutoka.

Ni miye njo anaogopa. Hapana paka, hapana Kabeya. Miye.

Sikukula mangaribi.

Kazi mbili, tarehe 14

Nilikata kipande ya grillage, wavu ya chuma, nikafunga juu ya akwariumu na waya. Kona zote ine. Kazi ya fundi, hata Véro hawezi kuikosoa.

Kisha nikapitisha bukari mu katundu, nikatoka. Niliketi mu kiwanja. Mama Véro alikuwa anachambua matembele. Alinisukumia nusu ya fungu, nikachambua pamoja naye.

Niliporudi, bukari imeisha.

Kesho nitaketi tena inje.