Aliyeitoa Pini ya Baiskeli ya Baba

Jumamosi jioni, mwezi wa saba.

Upepo umetoka mlima Kwaraa tangu asubuhi na haujapumzika. Nimevaa sweta mbili, lakini ndani nawaka. Nitasema wazi, maana kwenye daftari hili sina wa kumwogopa: namwonea wivu mdogo wangu Damiano. Siyo wivu wa kutaniana. Ni wivu wenyewe hasa.

Baba anaishi na mimi hapa Bagara, mwaka wa sita sasa, tangu niliporudi nyumbani na mwanangu Glori na cherehani yangu. Chai yake mimi, dawa zake za presha mimi, kumfulia mimi. Damiano ndiye mtoto wa kiume pekee. Yuko Arusha, anakuja mara mbili kwa mwaka na mkate wa dukani, na siku hiyo nyumba nzima inasimama.

Baba ana baiskeli moja tangu mimi niko darasa la pili. Anaendea shamba lake la mbaazi Sigino, anaendea kanisani. Majuzi pedeli ya kushoto ikaanza kucheza. Ilikuwa kotapini imekwisha, kile kipini cha chuma kinachoubana mkono wa pedeli. Nikanunua mpya sokoni. Kuitoa ya zamani ndiyo ikawa kesi, maana kutu ilikuwa imeigandisha humo miaka na miaka.

Jumanne Baba aliniona nimeshika nyundo, akasema, "Msubiri Damiano, Jumamosi yuko hapa. Hiyo inataka mwanaume."

Sikusubiri ng'o. Mtu anayefungua cherehani mpaka skrubu ya mwisho ashindwe na pini? Nililoweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikakizungushia pale, asubuhi na jioni. Nikamwagia maji ya moto. Nikaweka gogo chini ya mkono wa pedeli usipinde, nikarudisha nati kidogo ili nyundo isiiponde ncha, nikagonga taratibu. Jumatano hakuna kitu. Alhamisi jioni ikalia tik, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Ilikuwa imesogea kidogo sana, lakini imesogea. Nilicheka peke yangu pale uani, Baba yuko kwenye kiti chake anasikiliza redio.

Ijumaa nilikuwa na sare za shule za watu za kumalizia, na kuku wa mgeni wa kutafuta. Nikajiambia, Jumamosi asubuhi pigo moja tu, namaliza.

Jumamosi asubuhi niko jikoni nanyonyoa kuku. Nikasikia pwaa! Halafu kelele.

Damiano! Kaikuta baiskeli imelala kwenye gogo langu, kamalizia kufungua nati, kaokota nyundo yangu, kapiga mara moja. Nilipotoka na manyoya mikononi, pini iko chini na Baba amesimama anapiga makofi. "Mmeona? Mara moja tu!" Mama Juniori, jirani yetu, akadakia kutoka upande wa pili wa ua, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Nikasema nimeiloweka mafuta siku nne. Hakuna aliyesikia.

Damiano mwenyewe, masikini, akasema, "Mbona ilikuwa laini tu, dada." Laini! Nani aliilainisha?

Mchana tukakaa kula. Kuku nimemtafuta mimi, nimemchinjisha mimi, nimempika mimi. Baba akachukua firigisi, ambayo siku zote ni yake, akaiweka kwenye sahani ya Damiano.

Hapo ndipo roho yangu ilipochafuka kabisa.

Pini mpya ilikuwa juu ya stuli, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, ikimsubiri Damiano ashibe aje aifunge. Nilipokuwa nakusanya vyombo nikaiokota, nikaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu anavyofunga hela, nikaenda kuosha sahani. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu. Mtunza hazina wa jumuiya ya kanisani. Nimeiba pini ya baiskeli ya baba yangu mzazi ili mdogo wangu asipate sifa ya pili.

Wakatafuta. Damiano alipiga magoti na suruali yake ya Arusha, akachungulia chini ya stuli, akachungulia mpaka kwenye banda la kuku. Na mimi nikatafuta, jamani, tena kwa bidii, nikawa nainua masufuria. Baba hakuinuka kitini. Alisema tu, "Acha, utaachwa na gari. Kitu kidogo hujitokeza chenyewe."

Nilimsindikiza Damiano mpaka stendi. Akaniambia, "Dada, mkinunua nyingine mwite fundi aifunge, wewe usihangaike." Usihangaike! Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Pini ilikuwa inanigonga pajani kila hatua, kwenda na kurudi.

Niliporudi Baba alikuwa bado pale pale. Nikapita haraka kwenda kuanua nguo. Hakunitazama.

"Mama Glori, ile pini usije ukaifua na kanga."

Mkono ukaenda wenyewe kwenye pindo. Masikio yalikuwa ya moto.

"Alhamisi ilipolia niliisikia," akasema. "Nikajua umeiweza." Halafu akaongeza sauti ya redio.

Umeiweza.

Siku nne nimelitafuta neno hilo, na nimelipata nikiwa mwizi, pindo limefungwa. Hasira nayo ikaja juu ya aibu: kama alisikia, kwa nini hakusema asubuhi, Mama Juniori akiwa pale anasikia na yeye? Sikumwuliza. Naye angeweza kuniuliza kwa nini nimeificha, wala hakuniuliza.

Nimeifunga pini mwenyewe. Imekaa vizuri, pedeli haichezi, kesho Baba anawahi misa ya kwanza. Damiano ametuma ujumbe kwamba amefika salama, na anauliza kama pini imeonekana. Nimeusoma mara tatu, sijamjibu. Kesho, Baba akishatoka, nitampigia nimwambie ilikuwa kwangu. Na nitamwambia kwamba ule ulaini alioukuta ulikuwa kazi yangu.

Ya firigisi sitamwambia. Hiyo bado inaniuma.