Ubeti wa Mama Mkwe

3 Juni

Dada yangu mpenzi,

Mwanangu Kifaru ametoka sasa hivi kutumbukiza mguu mzima kwenye beseni la rangi ya ukindu, kisha akatembea juu ya mkeka wa mteja. Ana mguu mmoja wa zambarau na anajisifu nao. Nimemfunga mgongoni ndiyo nipate kukuandikia. Hujambo lakini? Kile kikohozi kimepona? Sisi wazima, hata Mama Mkwe goti limempa nafuu.

Rasimu ya kijitabu cha maonyesho ya urithi nimeipata. Kuona nyimbo za marehemu mama upande huu kwa Kiswahili, upande wa pili kwa lugha ya wageni, tena umezitafsiri wewe, nililia. Halafu nikafika wimbo wa kusukia, machozi yakakauka. "Mama mkwe ni asali"? Asali gani, Dada? Mama aliimba hivi:

Mama mkwe ana macho, yamekaa mlangoni,
Nikicheka ana lake, nikinuna yu kooni.

Na aliuimba huku mkwewe, bibi mzaa baba, akiwa pale pale, wanasuka mkeka mmoja. Wewe ulikuwepo! Urudishe ubeti, la sivyo nafasi yangu jukwaani mwezi ujao mpeni mwingine.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Kikohozi kimeniacha, ahsante. Nibusie huo mguu wa zambarau.

Meneja wa jumba la urithi ndiye aliyenibana. Anasema wageni wanakuja kuona wachongaji, wachoraji na wasusi, si kusikia wake za watu wakiwasema wakwe zao. Hii ni tafsiri yangu ya kwanza kuchapishwa; nikimpinga, kazi anampa mwingine. Na kusema kweli, nilikuogopea wewe. Unaishi kwa yule mama. Akiusikia utalala wapi? Njoo usuke, utabasamu, mtoto umwache nyumbani kama walivyoomba. Ukishajulikana ndiyo utachagua maneno.

Dadako akupendaye


20 Juni

Dada,

Shikamoo nakupa, ila tabasamu halisuki mkeka.

Umeniogopea Mama Mkwe, basi sikia. Juzi tulikaa barazani, mimi ncha hii ya mkeka, yeye ile. Nikauimba. Wote, bila asali. Mikono yake ikasimama. Mawazoni nikaanza kufungasha nguo zangu. Akakohoa, akaimba bila hata kunitazama:

Niliozesha mwanangu, kaniletea king'ora,
Ufagio hajashika, domo limeshapapura!

"Haya, jibu!" akasema. "Mimi mkwe wangu nilimwimbia mpaka akazeeka. Wewe kimya tu humu ndani, nikadhani mwanangu kaoa bubu!"

Tulicheka mpaka Kifaru akalia.

Sasa umeelewa? Wimbo huu ni wa watu wawili. Mmoja anachokoza, mwenzake anajibu. Ukifuta uchokozi, jibu halina pa kukaa. Mwambie meneja viti viwili, beti mbili, na mtoto mgongoni. Hataki, aje asuke yeye.

Mdogo wako mwenye domo


28 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mimi mzima.

Nimezirudisha beti zote mbili, kwa lugha zote mbili. Nikamwambia meneja, zikifutwa hizo na jina langu lifutwe. Amefura! Siku zimembana, kijitabu kimekwenda kuchapwa hivyo hivyo. Lakini jukwaani, anasema, kiti ni kimoja na mtaimba anachotaka yeye, la sivyo hamvuki mlango. Mimi nimefanya langu. Nyie sijui niwashauri nini.

Dadako


5 Julai

Dada yangu jasiri,

Kwanza pole na ofisi, na hongera. Mama ametuzaa kweli.

Tunakuja. Hicho kiti kimoja atakalia Mama Mkwe na goti lake. Mimi lini uliniona nikisukia kitini? Meneja akitufungia mlango, tutatandika nje ya geti tuimbe hapo hapo. Wageni si watapita? Na kijitabu watakuwa nacho mkononi, wafuatishe! Shemeji yako anaogopa tutaaibika. Mama yake amemjibu, "Aibu kaa nayo wewe, na chakula ukipike." Kifaru nimemshonea kaptura mpya, ingawa mguu bado haujatakata.

Hebu subiri, Mama Mkwe ananiita huko barazani. Anasema, "Njoo upesi kabla sijasahau, nimetunga ubeti wa tatu, na huu si wako, ni wa meneja." Naenda kuusikia nikuandikie uutafsiri, na usithubutu kutia asali!