Darubini ya Baba

Nkowe, Ruangwa

Kaka Bakary,

Asalaam aleykum. Simu zangu unakata, basi nakuandikia, maana barua haikatwi. Huku mahindi yamebeba na ufuta umeota vizuri.

Darubini ya bunduki imefika kwa basi la Nachingwea. Nilikuomba ndogo, ya kukuza mara mbili hadi saba, inayofaa karibu na mbali. Wewe ukachagua ya mara ishirini na nne, ili watu waseme Bakary katuma kubwa. Kutoka dunguni tunakolindia hadi kwenye mahindi ni hatua arobaini. Ukichungulia humo unaona ukungu mtupu, na ngedere wanakula wametulia.

Wala hukuuliza kwa nini baba, aliyekuwa akipiga ngedere risasi kwa macho matupu, leo anataka darubini. Ana mtoto wa jicho, kaka. La kulia limeshafunga. Alinikataza nisikwambie, eti usije ukaacha kazi ukakimbilia huku.

Sasa darubini ameifungua kutoka kwenye bunduki. Kila asubuhi anakaa barazani, anaielekeza kwenye barabara ya Nachingwea, anakutafuta kwa jicho lililobaki. Nimemwambia aiweke chini, maana darubini hukuza kilichopo tu.

Mdogo wako,
Shamimu