Vidonge vya Kulwa na Doto

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Igogo hatujambo, ila kikohozi cha babu yako. Unauliza kwa nini dawa ya sonona iliyomwinua mwenzako inakulaza wewe.

Nilikuwa na wadogo mapacha, Kulwa na Doto. Kwetu Wasukuma pacha hupewa sawasawa, hata nguo. Mama alipofariki, wote walizama katika huzuni. Kulwa alipewa vidonge hospitali, akaanza kucheka tena. Baba akamgawia na Doto, sawasawa. Daktari alisema baadaye kwamba mwili wa Doto uliisaga dawa polepole mno. Ikajilundika, moyo ukasimama.

Usiache dawa kiholela. Rudi kwa daktari, mweleze yote, wala usijipime kwa mwenzako.

Makaburini, tulipomzika Doto, Kulwa aliuliza kaburi lake yeye liko wapi.

Bibi yako