Poda ya Sesheni ya Pili

Jumatatu, 6 Agosti 2001
Mwaka wa thelathini na saba tangu nitoke kwetu Uvira, nikavuka mpaka kuja mji huu. Chai, redio, kunyoa ndevu. Ng'ambo ya ziwa milima ya kwetu inaonekana, karibu kama dirisha la jirani. Leo wanasoma matokeo ya mjukuu wangu Furaha, mwaka wa kwanza chuoni. Poda iko mfukoni. Kwetu anayefaulu humwagiwa poda kichwani.

Jioni. Aibu tupu. Nilichelewa, nikasikia jina lake, nikammwagia poda yote. Kumbe waliofaulu walishasomwa. Sasa walikuwa wanaitwa wa kurudia mtihani. Ukumbi mzima ulicheka. Furaha alicheka pia, akalia njiani. Kemia: saba kati ya ishirini.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimeenda na Furaha kwa sekretari wa chuo. Sheria ni hii. Ukirudia somo katika sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio wa Septemba, na kulipata, unapanda mwaka wa pili, na burse, ile pesa ya masomo, inaendelea. Ukilikosa, unarudia mwaka mzima na burse inakatwa. Bila burse hatuwezi. Mdogo wangu ameshatutayarishia chumba Uvira; tutarudi sote wawili, na masomo ya mtoto yataishia hapo.

Nikauliza kama anaweza kurudia Botania pia. Alipata kumi, kiasi cha kupita tu. Mimi mwalimu mstaafu, kumi inaniwasha.

"Apana, muzee! Ukirudia somo ulishapata, alama ya zamani inakufa. Ukianguka, na burse inaenda."

Furaha akanivuta shati. "Babu, wacha tamaa. Ile kumi ni mutoto wangu, siitupi."

Jumapili, 19 Agosti
Kemia mchana kutwa. Tumeomba majivu kwa jirani, Mama Zaina, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Siki ilipotoa povu juu ya majivu, Furaha aliruka: ameelewa. Mama Zaina anasema tunapika uchawi. Nina furaha ya kijinga. Nilidhani nimesahau kufundisha.

Jumamosi, 1 Septemba
Mtihani. Vita tena: risasi mtaa wa Kinama, pembeni mwa mji, tangu alfajiri, mabasi hakuna. Ameenda kwa miguu na wenzake. Niliogopa. Kitabu wazi mapajani, sikusoma hata mstari.

Amerudi na njaa. Anasema swali moja lilinuka siki.

Ijumaa, 7 Septemba
Mama Zaina alinisindikiza ukumbini, kanishika mkono kama mfungwa. "Muzee, leo ngojea wamalize kusoma!"

Nikangoja. Kemia kumi na mbili. Amepanda. Burse ipo.

Nikatia mkono mfukoni: poda nimeisahau nyumbani. Mama Zaina akafungua kikapu chake. Unga wa muhogo. Alimmwagia Furaha, kisha akanigeukia mimi. Tulirudi mitaani weupe sote wawili, watoto nyuma yetu wakiimba.

Jumapili, 9 Septemba
Mvua ya kwanza. Furaha anasoma Botania, hakuna aliyemtuma. Unga bado uko kwenye kola ya koti langu, sijaupangusa. Nimemwandikia mdogo wangu ampe mtu mwingine kile chumba. Leo milima haionekani.

Uvira sitarudi.